Dawa ya Maumivu Iliyomo Mwilini Mwetu

Mkulima anafyeka shamba lake. Panga linateleza na kumkata mguuni. Anaona damu, anafunga kitambaa, anarudi nyumbani kwa miguu. Njiani hasikii uchungu mwingi. Anasalimiana na watu, hata anacheka nao. Akishaketi mlangoni kwake na kufungua kitambaa, ndipo maumivu yanapoanza. Usiku huo halali.

Kila darasa la kisomo lina mtu wa kusimulia habari ya namna hii. Mmoja alianguka na baiskeli, mwingine alikimbia nyoka na mwiba mguuni. Wote huuliza swali moja. Maumivu yalikuwa wapi muda wote huo? Wengine hujibu kuwa ni ushujaa. Wengine husema mwili ulikuwa bado wa moto.

Jibu liko kichwani, ndani ya ubongo. Mwili wetu hutengeneza wenyewe dawa ya kutuliza maumivu. Hatusemi hivyo kwa mfano tu. Ni dawa kweli, wataalamu wameitoa, wameipima, na wameipa jina. Katika somo hili tutaona dawa hiyo ni nini na iligunduliwaje. Kisha tutaona nguvu yake inaishia wapi. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa, maana kwa kutojua mpaka huo watu wengi wanateseka bure.

JINSI HABARI ZA MAUMIVU ZINAVYOSAFIRI

Ukijichoma kidole kwa moto, kidole chenyewe hakijui kitu. Kinapeleka habari tu. Habari inapita katika mishipa ya fahamu, inafika kwenye uti wa mgongo, inapanda mpaka kwenye ubongo. Ubongo ukishaipokea, ndipo unasema, "Naumia!"

Maumivu ni mlinzi wetu. Mtazame mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake ya fahamu imekufa. Anakanyaga kaa la moto asijue. Anatembea na msumari ndani ya kiatu kutwa nzima. Vidonda vyake vinakuwa vikubwa kwa sababu mlinzi hayupo.

Lakini mlinzi anayepiga kelele bila kunyamaza naye ni hatari. Mtu anayekimbizwa na simba hana nafasi ya kushughulikia mguu ulioteguka. Akisimama kuushika, ataliwa. Kwa hiyo ubongo una uwezo wa kupeleka amri chini, mpaka kwenye uti wa mgongo, ukasema, "Habari hii isubiri." Ni kama ofisini. Tarishi amefika na barua, lakini karani wa mlangoni amemzuia kwanza. Barua ipo, ila haijafika mezani kwa mkubwa.

Kinachomzuia tarishi huyo ni ile dawa ya mwilini.

SIMBA WA MABOTSA

Wazee wetu wa Ujiji na Bagamoyo walisimulia habari za David Livingstone, Mwingereza aliyetembea sana katika Afrika. Mwaka 1844, kabla hajafika huku kwetu, alikuwa akiishi mahali paitwapo Mabotsa, katika nchi ambayo leo ni Afrika ya Kusini. Simba walikuwa wakiwaua mifugo wa wanakijiji. Livingstone akatoka pamoja nao kuwawinda. Simba mmoja aliyekwisha kupigwa risasi akamrukia, akamkamata begani na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Mfupa wa mkono wa kushoto ukavunjikavunjika. Wenzake wakapigana na simba yule, nao wakajeruhiwa, mpaka mnyama akafa kwa majeraha yake.

Baadaye Livingstone aliandika kitabu. Humo alieleza kwamba alipokuwa katika makucha ya simba hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa macho, akijua yote yanayotendeka, lakini alikuwa kama mtu aliye katika ndoto. Maumivu yalikuja baadaye, na mkono ule haukupona sawasawa maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Ulipofika Uingereza mwaka 1874, madaktari waliutambua kwa mfupa ule ule uliovunjwa na simba.

Daktari mwingine, Henry Beecher wa Marekani, aliona jambo kama hilo katika vita. Mwaka 1944 alikuwa Italia akiwatibu askari. Aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu. Kama robo tatu walisema hawaihitaji. Baadaye akawaangalia raia waliopasuliwa hospitalini. Vidonda vyao vilikuwa vidogo kuliko vya askari, lakini wengi wao waliomba dawa. Beecher alifikiri sana juu ya tofauti hiyo. Kwa askari, jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai. Kwa raia, lilikuwa mwanzo wa taabu. Basi ubongo hauangalii ukubwa wa kidonda peke yake. Unaangalia pia kidonda hicho kina maana gani kwa mwenyewe.

Wakati wa Livingstone, na hata wakati wa Beecher, hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kinachofanya kazi hiyo.

KUFULI KABLA YA UFUNGUO

Kuna mmea uitwao mpopi. Utomvu wake ndio afyuni. Watu wameutumia kutuliza maumivu tangu zamani sana. Katika afyuni hutolewa dawa ya hospitali iitwayo mofini. Madaktari waliijua nguvu ya mofini kwa muda mrefu, lakini hawakujua inafanya kazi kwa njia gani.

Mwaka 1973 jibu lilianza kuonekana. Huko Baltimore, Marekani, mwanafunzi aitwaye Candace Pert na mwalimu wake Solomon Snyder walisaga ubongo wa panya. Wakauchanganya na dawa iliyotiwa alama ili waione inakwenda wapi. Waliona kwamba kuna mahali maalum ambapo dawa za jamii ya mofini hunasa, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Mwaka huo huo Eric Simon huko New York na Lars Terenius huko Sweden waliona jambo hilo hilo.

Sasa fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mtu anayekuta kufuli mlangoni hujua kuwa ufunguo wake upo mahali fulani. Kwa nini ubongo wa panya, au wa binadamu, uwe na kufuli za utomvu wa mpopi? Panya hali mpopi. Wazazi wetu hawakuzaliwa na afyuni mwilini. Basi lazima mwili wenyewe uwe na ufunguo wake, na mofini iwe imefanana nao kwa bahati tu.

Ufunguo huo ulipatikana Aberdeen, mji wa Scotland. Waliokuwa wakiutafuta ni Hans Kosterlitz, mzee wa miaka zaidi ya 70, na kijana aitwaye John Hughes. Kazi yao haikuwa safi. Hughes alikwenda machinjioni alfajiri kuchukua vichwa vya nguruwe. Walitoa ubongo, wakausaga, wakauchuja, wakauchuja tena. Kisha walijaribu maji yake juu ya kipande cha utumbo wa mnyama mdogo. Utumbo huo ulikuwa ukishtushwa kwa umeme, nao ulijikunja kila mara. Ukiutilia mofini, unaacha kujikunja. Walipoutilia yale maji ya ubongo, uliacha vile vile! Mwezi Desemba 1975 walitangaza walichokipata. Wakakiita enkefalini, jina lenye maana ya kitu kilichomo kichwani.

Mwaka uliofuata, 1976, alitokea mtaalamu mzaliwa wa China, Choh Hao Li, aliyefanya kazi California. Yeye alitumia ngamia. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kwetu sisi ni kama punje ya njegere. Li alikuwa akitafuta kitu kingine katika tezi za ngamia, akakuta dawa ya maumivu yenye nguvu kubwa. Ikaitwa endofini, maana yake mofini ya ndani. Siku hizi watu hutumia jina la endofini kwa dawa zote za jamii hii, nasi tutafanya hivyo.

SHANGA KATIKA UZI

Endofini zimetengenezwa kwa nini? Kwa vitu vile vile vinavyojenga protini ya mwili, protini tunayoipata katika maharage, samaki, maziwa na mayai. Chukua shanga uzitunge katika uzi. Enkefalini ni uzi mfupi wa shanga 5 tu. Ile endofini ya ngamia ni uzi wa shanga 31, na shanga zake 5 za mwanzo ni sawasawa na shanga za enkefalini ya namna moja. Ncha hiyo ndiyo inayoingia katika kufuli.

Kwa kuwa ni kama protini, huwezi kuzimeza zikakufaa. Tumbo litazisaga kama linavyosaga nyama. Tena zikishafanya kazi, mwili huzikatakata upesi sana, hasa zile fupi. Ndiyo maana yule mkulima wetu alipata nafasi ya kufika nyumbani, lakini hakupata nafasi ya kulala.

Mkulima huyo angefanya nini? Angekwenda zahanati mara moja, hata kama hasikii uchungu. Kukosa maumivu katika saa ya kwanza hakuonyeshi kuwa jeraha ni dogo. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akasema, "Niko sawa, niacheni," asiachwe. Apelekwe akaangaliwe na mtaalamu. Anayesema yuko sawa ni endofini.

MAJI YALIYOTULIZA MAUMIVU YA MENO

Mwaka 1978 huko San Francisco, Marekani, wataalamu watatu, Levine, Gordon na Fields, walifanya jaribio kwa watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walipewa kitu kisicho na dawa yoyote ndani yake, lakini wao walifikiri huenda ni dawa. Baadhi ya hao maumivu yao yalipungua. Je, walikuwa wakijidanganya?

Wataalamu wakawapa dawa nyingine iitwayo naloksoni. Hii ni kama ufunguo mbovu. Inaingia katika kufuli, haifungui, inaziba tundu tu ili ufunguo wa kweli usiingie. Maumivu yakarudi. Maana yake ni kwamba nafuu yao haikuwa ya kuigiza. Kule kutumaini kupona kuliufanya ubongo utoe dawa yake wenyewe. Majaribio mengi yaliyofuata yameunga mkono jambo hili, ingawa yanaonyesha kuwa kuna na njia nyingine ambazo ubongo hutumia.

Hapa naomba msomaji asome polepole. Tumaini hupunguza maumivu. Halipunguzi uvimbe, wala haliui vijidudu vya kifua kikuu. Mtu mwenye kansa anaweza kupewa maji ya namna yoyote na mtu anayemwamini, akapata nafuu ya siku kadhaa. Atawaambia jirani zake, "Nimepona." Hasemi uwongo, nafuu ameipata. Lakini ugonjwa uko pale pale, unakua. Akirudi hospitali baada ya miezi sita, mara nyingi amechelewa. Sisemi hivi kwa kumdharau mganga wa kienyeji yeyote. Nasema nafuu ya maumivu ni shahidi dhaifu wa kupona.

WIMBO WA SHAMBANI

Watu wakilima pamoja huimba. Wanaotwanga huimba. Wavuvi wakivuta jarife huitikiana. Tumezoea kusema wimbo unaondoa uchovu, na wazee wetu hawakukosea.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichukua vijana 12 wapiga makasia. Siku moja kila mmoja alipiga makasia peke yake. Siku nyingine walipiga pamoja kwa mwendo mmoja. Kazi ilikuwa ile ile. Baada ya kazi kila mmoja alifungwa mkono kwa kile kitambaa cha kupimia presha, kikakazwa mpaka aseme anaumia. Waliofanya kazi pamoja walistahimili zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Wataalamu wale hawakupima endofini zenyewe, walipima ustahimilivu tu, lakini wanaona kwamba endofini ndizo zilizofanya hivyo.

Mama mjamzito naye, uchungu wa kuzaa unapoanza, endofini huongezeka katika damu yake. Huo ni msaada wa maumbile. Lakini msaada huo hautoshi kuondoa uchungu wote, na mtu asiseme unatosha. Kuna wanaomwambia mama, "Vumilia, wenzako wote wamezaa." Maneno hayo hayatulizi kitu. Linalosaidia limekwisha kupimwa katika nchi nyingi. Mama mwenye mtu wake wa kukaa naye tangu mwanzo, wa kumshika mkono, kumsugua mgongo na kumtia moyo, hahitaji sana dawa za maumivu, na mara nyingi huridhika zaidi na namna alivyojifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Basi akina baba wanaosoma somo hili, ulizeni kituo chenu cha afya kama kinaruhusu jambo hilo. Kama hakiruhusu, lipelekeni katika mkutano wa kijiji.

MAHALI NGUVU YAKE INAPOISHIA

Endofini zimewekwa kwa ajili ya shida ya muda mfupi. Kukimbia, kupigana, kuzaa, kubeba mtoto katika moto. Hazikuwekwa kwa ajili ya maumivu ya miezi.

Mtu mwenye kansa iliyoenea katika mifupa huumia mchana na usiku. Halali, hali, hataki kuzungumza na wanawe. Ndugu zake humwambia amwombe Mungu na avumilie. Kuomba ni kwema. Lakini mgonjwa huyu hakukosa imani wala ujasiri. Dawa ya mwili wake imezidiwa, basi. Anahitaji ya hospitali.

Dawa hiyo ni mofini, ule ufunguo wa mpopi unaoingia katika kufuli zile zile. Hapa Afrika ya Mashariki jirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha huko shirika la Hospice Africa Uganda, la kuwahudumia wagonjwa wenye magonjwa yasiyopona. Mofini ilichanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, rahisi, ya kutumiwa nyumbani. Madaktari vijijini walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo nao waandike mofini. Hapa Tanzania, hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa mofini ya kunywa.

Watu wengi wanaiogopa dawa hii. Wanasema mgonjwa akipewa mofini ndiyo ishara kuwa anakufa, au kwamba atakuwa mlevi. Mgonjwa mwenye maumivu ya kansa akiitumia kwa kipimo cha daktari, ni mara chache sana kuwa mlevi. Dawa hii ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia. Pia hufunga choo, kwa sababu kufuli zile zimo hata katika matumbo (kumbuka utumbo wa Aberdeen). Kwa hiyo mgonjwa hupewa na dawa ya kulainisha choo. Asiongeze kipimo mwenyewe. Chupa iwekwe mbali na watoto, maana mofini ikizidi huzuia pumzi, na mtoto anaweza kufa. Hospitali hutumia naloksoni, ule ufunguo mbovu, kumwokoa mtu aliyezidiwa.

Heroini, ambayo vijana wa mjini huiita unga, ni ya jamii hii hii. Mtumiaji anafungua kufuli kwa nguvu kila siku, bila maumivu yoyote ya kutuliza. Kufuli zinachoka, hazisikii tena ufunguo mdogo wa mwili. Siku akikosa unga, viungo vyote vinamuuma, anatapika, anatetemeka. Usidhani anaigiza. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa dawa iitwayo methadoni kuwasaidia watu hao. Kijana wa namna hiyo apelekwe huko au kwenye hospitali nyingine yenye huduma hiyo, asifungwe kamba nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mtu ameanguka kutoka juu ya mti na anasema haumwi. Mtafanya nini, na kwa nini?

2. Kwa nini kugunduliwa kwa kufuli kuliwafanya wataalamu waanze kutafuta ufunguo?

3. Katika kijiji chenu, mama anayejifungua huruhusiwa kuwa na nani? Nani ameamua hivyo?

4. Je, yuko mtu kijijini anayeumwa usiku na mchana bila dawa? Nani kati yenu atakwenda kuuliza zahanati habari za mofini, na atakwenda lini?